Bunduki ya Risasi Moja na Risasi Inayoipenda: Namna ya Kuipima Kabla ya Msimu

Msimu mmoja wa uwindaji tulikwenda uwanja wa ndege wa KIA kumpokea mgeni. Kasha la bunduki limefika, begi la risasi halijafika. Bunduki yenyewe ilikuwa ya risasi moja, aina ya bloku inayoshuka: unasukuma wenzo ulio chini ya triga, kipande cha chuma kinashuka, unaingiza risasi kwa kidole gumba, unarudisha wenzo, mlango umefungwa. Hakuna magazini, hakuna risasi ya pili inayosubiri. Ukoo wa bunduki hizi ni wa zamani. Mskoti John Farquharson alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1872, na Ruger wakaurudisha mtindo huo madukani mwaka 1967 kwa bunduki waliyoiita No. 1. Hilo halikutushangaza. Kilichotushangaza ni maandishi ubavuni mwa mtutu: .30-06 Ackley Improved.

Wamarekani huziita risasi za namna hiyo kwa jina la paka-mwitu. Fundi huchukua ganda la kiwandani, akalibana shingo au akalisimamisha bega, yaani pale ganda linapopungua kuelekea shingo, akakata chemba (chumba cha ganda nyuma ya mtutu) ya kulitosha, halafu mwenye bunduki akawa anajijazia risasi mwenyewe kwa sababu dukani hazipo. Si upuuzi. Risasi ya .35 Whelen ilizaliwa hivyo mwaka 1922 kutokana na ganda la .30-06, ikakaa zaidi ya miaka 60 mikononi mwa mafundi ndipo Remington wakaichukua. Ya .25-06 nayo ilipita njia hiyo hiyo hadi 1969. Lakini paka-mwitu aliyepoteza begi lake KIA ana shida kubwa, maana huwezi kutembea Arusha nzima ukampatia chakula.

Mzee aliyenifundisha kazi aliyasoma maandishi yale mara mbili. "Kijana," akaniambia, "hii ni .30-06 iliyosimamishwa mabega. Mwambie mgeni ampigie fundi wake, aulize kama inakubali ya kawaida." Mgeni akapiga simu Marekani. Fundi akathibitisha kwamba chemba aliikata kwa kipimo cha Ackley, fundi wa Kimarekani mwenye jina lile la kwenye mtutu, na risasi ya kawaida ya kiwandani inakaa humo na kupigwa salama. Taratibu za kibali zikafuatwa, siku mbili zikapita, tukapata maboksi mawili.

Risasi ya kwanza ilipopigwa niliokota ganda. Lilikuwa limeingia na bega la kulala. Lilitoka na bega limesimama, kona kali, mwili umenyooka kama mrija. Shaba ilikuwa imejitanua kwa nguvu ya moto ikachukua umbo la chemba. Na tundu kwenye karatasi lilikuwa sentimita 11 chini na kushoto ya pale ambapo bunduki hiyo ilizoea kupiga. Mtutu ule ule, darubini ile ile, mtu yule yule. Kilichobadilika ni risasi tu.

Tangu siku hiyo kila kijana anayekuja kujifunza kwangu naanza naye hapo. Bunduki na risasi ni ndoa. Ukibadilisha mmoja, unaanza posa upya.

Huku kwetu sitamfundisha mtu kujijazia risasi. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, na hata penye ruhusa ni kazi ya mtu mwenye mizani, vitabu vya viwango na mwalimu pembeni. Baruti ikizidi kidogo tu, uso wako ndio ulio karibu na bloku. Tunachoweza kufanya sisi, na kinatosha kabisa, ni kuchukua aina tatu au nne za risasi za kiwandani na kuiuliza bunduki inaitaka ipi. Ndiyo kazi ya mwongozo huu.

Kabla ya kufyatua hata moja

Leseni iwe hai, na risasi ziwe za bunduki iliyoandikwa kwenye leseni. Piga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa tu. Usiende nyuma ya shamba la shemeji kule Usa River kwa sababu kuna kichuguu kikubwa, kichwa cha .30-06 kikikosa kichuguu kinaweza kusafiri kilomita kadhaa, na pale pana watu wanaopalilia migomba.

Soma maandishi kwenye mtutu, kisha soma namba iliyopigwa nyuma ya ganda, moja baada ya nyingine, usisome boksi peke yake. Boksi huazimwa. Nimewahi kukuta risasi za aina mbili ndani ya boksi moja, zimechanganywa na mtu aliyetaka kupunguza mizigo. Kama bunduki imewahi kubadilishwa mtutu au kukatwa chemba upya na maandishi hayaeleweki, ipeleke kwa fundi mwenye leseni aipime kwanza. Ganda kuingia vizuri si ushahidi kwamba ni lake.

Kisha safisha. Hapa bunduki ya bloku inakupa raha: shusha wenzo, elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga wa dirisha, tazama kwa nyuma. Unaona mifereji ikizunguka hadi mwisho kama ngazi ya mnara. Kama kuna michirizi ya rangi ya shaba kwenye kingo za mifereji, huo ni utando wa vichwa vya risasi ulioganda. Ufimbo wa kusafishia uingie kwa nyuma, upande wa chemba, usiingizie mdomoni. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa, na mkwaruzo mdogo pale unaharibu kila kitu. Kitambaa chenye dawa, subiri, kitambaa kikavu, rudia mpaka kitoke bila alama ya kijani au buluu. Mwisho pitisha kikavu mara mbili. Mafuta yakibaki ndani ya mtutu, risasi ya kwanza itakwenda kwingine.

Skrubu sasa. Shika pete za darubini, shika kitako, shika ubao wa mbele, kaza kinachocheza. Masika inapoingia mbao hunywa unyevu na kuvimba. Ukiipeleka bunduki hiyo hiyo Simanjiro mwezi wa tisa, mbao hukauka na skrubu ulizozikaza Mei zinalegea zenyewe. Nina kawaida ya kuweka nukta ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na chuma kinachopakana nacho. Nukta mbili zikiachana, najua kabla sijapoteza risasi.

Meza na mifuko

Mifuko mizuri ya kuegemezea bunduki inatengenezwa kwa suruali ya jinzi ya mtumba. Nenda Kilombero ukiwa Arusha, au Memorial ukiwa Moshi, nunua moja iliyochakaa magoti, kata miguu, shona upande mmoja, jaza mchanga mkavu, shona wa pili. Mfuko mnene uende mbele, mwembamba uende chini ya kitako. Mwembamba huo ndio usukani wako: ukiufinya kwa mkono wa kushoto, msalaba wa darubini unashuka; ukiuachia unapanda.

Kwenye bunduki ya risasi moja kuna jambo ambalo watu waliozoea bunduki za bolti hawalijui. Ubao wa mbele haujashikana na kitako. Umefungwa peke yake, mara nyingi kwa skrubu moja inayoshika kipande cha chuma chini ya mtutu. Kwa hiyo pale unapouegemeza ndipo unapousukuma mtutu. Egemeza karibu na ncha, risasi zinakwenda juu. Rudisha karibu na bloku, zinashuka. Au kinyume chake, kila bunduki na tabia yake. Dawa ni kuweka alama. Bandika kipande cha selotepu kwenye ubao, sentimita chache mbele ya bloku, na kila mara selotepu ikae juu ya katikati ya mfuko. Usiegemeze mtutu wenyewe juu ya kitu chochote, kamwe. Niliwahi kuona kijana akilaumu boksi zima la risasi, kumbe kila akipakia upya ubao ulikuwa unateleza mbele vidole vinne.

Kuitafuta risasi

Anza asubuhi. Saa moja hadi saa tatu na nusu ndiyo saa zako, upepo bado umelala na hewa haijaanza kuchemka. Ikifika saa nne mazigazi yanaanza kucheza juu ya nyasi, unaona shabaha ikielea kama kitu kilicho ndani ya maji, na hapo unachopima si bunduki tena.

Weka karatasi kwenye mita 100. Chora mraba mweusi wa sentimita 5 na uulenge katikati. Usiguse vifungo vya darubini katika hatua hii. Najua inauma kuona matundu yakijikusanya sentimita 9 kulia na kuyaacha, lakini sasa hivi hatutafuti yanapopiga, tunatafuta yanavyokaa pamoja. Kundi likiwa finyu, kulisogeza ni kazi ya dakika tano. Kundi likiwa pana, hakuna kifungo cha kulibana.

Piga risasi mbili za kuamsha mtutu, usizihesabu. Halafu piga tano za aina ya kwanza, ukiacha dakika mbili kati ya moja na nyingine. Gusa mtutu mbele ya chemba: ukishindwa kuuacha mkono pale kwa kuhesabu hadi kumi, umepata moto mno, ngoja. Bunduki ya risasi moja inakusaidia hapa maana haikuruhusu kuharakisha. Iache wazi, bloku chini, hewa ipite. Ukimaliza tano, pitisha kitambaa, piga moja ya kuamsha, badilisha aina, karatasi mpya.

Kwa nini tano na si tatu? Kwa sababu tatu zinadanganya, na zinadanganya kwa utamu. Bunduki ile ile, kwa risasi ile ile, kundi lake la tano huwa pana zaidi ya la tatu kwa takriban robo, kwa wastani, bila kitu chochote kuharibika. Ni hesabu tu ya bahati: ukirusha mawe mengi zaidi, moja litakwenda mbali zaidi. Mtu anayepiga tatu, akapata kundi la sentimita 2, akalikunja na kulitia kwenye pochi awaonyeshe wenzake, ametunza bahati yake, hajapima bunduki. Mimi nataka makundi mawili ya tano kwa kila aina, siku mbili tofauti, na naandika wastani wa yote mawili. Kundi bora nalisahau makusudi.

Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi. Andika kwenye daftari: aina ya risasi, uzito wa kichwa, namba ya toleo iliyo ubavuni mwa boksi, saa, jua au mawingu, upana wa kundi. Risasi moja ikikaa peke yake mbali na nyingine nne, usiifute. Andika kama uliihisi wewe mwenyewe ukiivuta vibaya. Na uwe umeandika hivyo kabla hujatazama karatasi, si baada.

Jipange kwa kitu kimoja kwa wakati. Usibadilishe risasi na mahali pa kuegemeza siku moja. Usikaze skrubu katikati ya kundi. Ukibadilisha viwili kundi likapendeza, hujui umshukuru yupi.

Inatosha kiasi gani? Kwa mnyama wa ukubwa wa kongoni, bunduki inayoweka tano ndani ya sentimita 4 kwenye mita 100 ni bunduki njema kabisa. Nimeona watu wakitumia msimu mzima na fedha za ada ya shule wakitafuta sentimita 2. Kama aina mbili za risasi zinalingana, chagua ile ambayo kichwa chake kinafaa kazi yako, na ile utakayoipata tena mwakani. Risasi nzuri isiyopatikana inakurudisha palepale alipokuwa mgeni wetu wa KIA.

Ikilia vibaya, au isipolia

Ukifyatua ukasikia mlio wa chuma peke yake, usishushe wenzo. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu taratibu hadi sekunde 60, ndipo ufungue ukiwa umeweka uso pembeni. Moto unaweza kuchelewa ndani ya ganda. Na ukisikia mlio hafifu, kama wa kikohozi, simama hapo hapo. Fungua, hakikisha chemba haina kitu, tazama kwa nyuma. Kama huoni mwanga, kichwa cha risasi kimekwama katikati, na risasi ya pili ingepasua mtutu. Ganda linalogoma kutoka, fataki (kile kiwashio kidogo nyuma ya ganda) iliyolala bapa hadi kingo zake kupotea, au wenzo unaokuwa mzito ghafla: acha aina hiyo siku hiyo, mpelekee fundi bunduki pamoja na ganda lenyewe.

Bega lako

Siku ya kwanza nilipopewa .375, bunduki ya nyati, nilimlalamikia mzee kwamba inavuta chini kushoto. Hakubishana. Alichukua bunduki, akanigeuzia mgongo, akaipakia, akanipa. Nikapiga. Akafanya hivyo tena, nikapiga. Mara ya tatu nilipobana triga palikuwa kimya, hakukuwa na risasi ndani, na mdomo wa mtutu ulizama chini kama mtu aliyeitwa jina lake. "Umeona?" akasema. "Imekuogopesha kabla haijalia."

Fanya zoezi hilo na mwenzako mnayeaminiana, wote mkiwa mmeelekeza mtutu kwenye shabaha muda wote. Bunduki ya risasi moja inalifaa kuliko nyingine yoyote, kwa sababu kila mpigo unapakiwa upya na wewe huoni. Akuwekee ganda tupu mara nne kati ya kumi, bila mpangilio. Siku msalaba utakapobaki tuli juu ya ganda tupu, makundi yako yatabana yenyewe. Usipige zaidi ya risasi 15 za teke kubwa kwa siku. Bega huchoka kabla ya akili kujua.

Kuisogeza mahali pake

Sasa, na sasa tu, gusa darubini. Kwenye darubini nyingi za Kimarekani kila mlio mmoja wa kifungo husogeza tundu milimita 7 kwenye mita 100; nyingi za Ulaya zilizoandikwa kwa mfumo wa desimali husogeza sentimita 1. Soma kifuniko. Tafuta kitovu cha kundi lako la tano, si tundu moja, pima umbali hadi unapotaka, gawanya. Sentimita 9 kushoto kwa darubini ya milimita 7 ni milio 13. Piga tano nyingine uthibitishe.

Kwa .30-06 yenye kichwa cha grein 180 (grein ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), mimi huacha kundi likae sentimita 5 juu ya ninapolenga kwenye mita 100. Hapo risasi inakata tena mstari wa jicho karibu na mita 200, na kote katikati haiachani nao kiasi cha kukukosesha moyo na mapafu. Zaidi ya hapo sogea kwa miguu. Mnyama aliyejeruhiwa unamfuata hadi jioni, na wakati mwingine humpati, na hilo hulali nalo vizuri.

Watu huniuliza juu ya mwinuko, maana Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari na mgeni ametoka mji wa pwani. Ni kweli hewa huku ni nyepesi na risasi hushuka kidogo pungufu, lakini kwenye mita 200 tofauti haifiki hata sentimita 1. Kutoka Moshi kupanda Arusha ndiyo kabisa, isahau. Uogope upepo: ule wa kilomita 16 kwa saa unaokuja ubavuni, upepo wa kawaida tu wa mchana kule Longido, unausukuma mpigo huo huo karibu sentimita 8 kwenye mita 200. Na uogope dashibodi ya Land Cruiser. Risasi zikikaa pale jua la saa saba, baruti inapata joto na msukumo unapanda. Zile ulizozipima asubuhi ya Juni yenye baridi ya Meru si hizo tena. Ziweke kwenye boksi lake, chini ya kiti, kivulini.

Ukifika kambini

Barabara ya vumbi kwa saa sita inaweza kufungua ulichokifunga. Kabla ya kutoka asubuhi ya kwanza, mahali ambapo afisa wanyamapori na mwindaji bingwa wamekubali, piga risasi moja kwa mtutu uliopoa na mkavu, kama vile utakavyokuwa siku ya kumpiga mnyama. Iache bunduki ipoe nusu saa, kunywa chai, piga ya pili. Zote mbili zikikaa ndani ya kundi lililo kwenye daftari lako, twende. Moja ikitoka nje, kagua zile nukta za rangi ya kucha kwenye skrubu, kisha rudi mezani na selotepu yako. Gari litasubiri.